Misisi: namna ugomvi wa kodi kati ya nchi kubwa unagusa bei ya dhahabu

Mnunuzi wa Misisi akiweka dhahabu juu ya mizani, bei haipangi peke yake. Bei ya msingi inatoka London, ambako inatangazwa mara mbili kwa siku. Kutoka pale kila mmoja anakata sehemu yake: msafirishaji mkubwa, mnegosia wa Uvira ao Baraka, mpaka mnunuzi mdogo kando ya shimo. Zamani mchimbaji alikuwa anaambiwa bei tu. Leo simu yenye intaneti inamuonyesha bei ya dunia mbele hajauza. Ujanja wa mizani, huo bado uko.

Na bei imeruka kweli. Mwaka 2024 ukianza, aunsi moja (gramu 31.1) ilikuwa kidogo juu ya dola 2,000. Machi 2025 ilipita 3,000, na Oktoba ikapita 4,000. Tola moja, gramu 11.66, kwa bei hiyo ya Oktoba ni karibu dola 1,500 kule London. Misisi ni chini ya hapo.

Sababu ni nyingi, lakini ugomvi wa biashara uko katikati. Mwaka 2022, juu ya vita vya Ukraine, Marekani na Ulaya na wenzao walizuia karibu dola miliardi 300 za benki kuu ya Urusi. Nchi zingine ziliona: pesa ikiwekwa kwa mwenzako, anaweza kukufungia, dhahabu ikiwa ndani ya sanduku lako, hapana. Toka 2022 mpaka 2024, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Aprili 2025 Trump akaweka kodi juu ya bidhaa za karibu nchi zote. China ikajibu kwa kodi zake, tena ikadai ruhusa kwa madini adimu yanayotumika ndani ya mota na mashine za kisasa. Wenye pesa wakazidi kukimbilia dhahabu. Agosti ilijulikana barua moja ya forodha ya Marekani iliyosema vipande vya kilo moja vinavyotoka Uswisi vitalipa kodi. Soko likatikisika, mpaka Trump mwenyewe aliposema dhahabu haitatozwa.

Lakini mchimbaji naye ananunua. Mashine za China zinapita Dar es Salaam na Kigoma, zinavuka ziwa mpaka Baraka, kisha zinapanda barabara ambayo mvua inaijua vizuri. Bei ya dhahabu ikipanda, mwenye kizuizi barabarani pia anasikia.

Teknolojia ya kufuata madini, je? Kwa koltani na kasiteriti, gunia linafungwa lebo yenye namba. Dhahabu inakataa mchezo huo. Tola inaingia mfukoni, inayeyushwa na ya wengine, na alama ya shimo inapotea ndani ya moto.

Ndiyo maana sheria zimeumiza kwa namna isiyo sawa. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 ilidai makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo na majirani. Septemba mwaka ule, Kinshasa ilisimamisha uchimbaji wa Kivu na Maniema mpaka Machi 2011. Ulaya ilifuata tarehe 1 Januari 2021. Machi 2022 Marekani iliwekea vikwazo kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Entebbe, African Gold Refinery. Dhahabu haikukaa chini ya udongo: iliendelea kufika Dubai. Mwenye kuipitisha kwa siri anahesabu hatari yake, na hesabu hiyo inakatwa kwa bei ya mchimbaji.

Mwaka 2023 kampuni ya Primera Gold ilianza kusafirisha dhahabu kisheria toka Bukavu kwenda Emirati. Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Desemba, vita vikafika Uvira. Kwa mwenye tola moja Misisi, njia ya kwenda kwa mwenye stempu ya serikali imekuwa ndefu kuliko ile ya mnegosia anayekuja shimoni na makuta mkononi.