Nani Anamsikiliza Aliyetajwa?

Mzee wa Kaoze, bondeni chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, akiitwa mchawi kwenye kundi la WhatsApp, watu husema mitandao imeharibu jamii. Simu ndiyo mpya. Masaibu yake yana historia ndefu Ufipa, na ukiifuata historia hiyo unaona kwamba ukali wa adhabu haujatosha kumlinda aliyechafuliwa. Kilichomlinda au kumwacha uchi ni kuwapo kwa mahali pa karibu ambapo angeweza kumwita msemaji, mbele ya watu, ajibu. Ushahidi mzuri ni wa Kamcape, harakati ya kusaka wachawi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilishuhudia wimbi la 1963 na 1964: vijana wakizunguka kijiji kwa kijiji, wakidai watu wasalimishe pembe na hirizi, wakichanja na kugawa dawa ya kuusafisha uchawi. Waliotajwa wengi walikuwa wazee. Neno lililonong'onwa kwa miaka lilitolewa hadharani kwa siku moja, na mzee akatakiwa kuonyesha asichokuwa nacho. Akikana, kukana kwenyewe kulihesabiwa ushahidi dhidi yake.

Inavutia kusema kwamba Kamcape iliingia kwa sababu mabaraza ya machifu yalikuwa yanafungwa. Ni kweli kwamba mwaka 1963 serikali ya uhuru iliufuta utawala wa machifu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaleta mahakama za mwanzo mahali pa mabaraza ya zamani. Lakini hoja hiyo ikiachwa hivyo inaanguka, kwa kuwa wimbi kama hilo, likitokea upande wa Nyasaland, lilikwishapita Ufipa mwaka 1933 na 1934, machifu wakiwa bado kwenye viti vyao. Jibu liko kwenye kilichosikilizwa. Kwa Waingereza, hofu ya uchawi ilikuwa ushirikina wa kupigwa marufuku, na Sheria ya Uchawi ya 1928 ilitungwa kwa moyo huo. Halikuwa shauri la kukaliwa kikao na kuamuliwa. Baraza lilikuwa karibu, ila lalamiko la namna hii halikuwa na pa kuingilia. Basi anayehofia na anayehofiwa wote wawili waliachiwa mganga, na mganga ana faida kubwa kuliko hakimu: hulipwa kwa kutaja.

Dola imeendelea kukutana na tatizo hilo kwa zana zilezile. Januari 2015, baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe alipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi, na polisi wakakamata wengi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 1, yenye kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo na cha 23 kuhusu unyanyasaji mtandaoni. Wapinzani wa sheria hiyo walisema itawanyamazisha wakosoaji kabla haijamsaidia mnyonge, na sioni jinsi ya kuwabishia kabisa: adhabu nzito yenye maneno mapana humfaa zaidi anayejua njia ya kwenda kituoni. Hata hivyo, kuifuta tu kusingempa mzee wa Kaoze chochote. Anachohitaji ni ngazi fupi ya kuanzia.

Ngazi zipo, nyingine hazijulikani. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa maudhui mwenyewe, aliyepewa saa 12 kujibu, ndipo shauri lifike Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ofisi yake ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Mtoto anayedhalilishwa, au anayemsemea, hupiga 116 bila malipo. Picha ya mtu au taarifa zake binafsi zikitumiwa vibaya, tangu 2023 kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto au kaunta ya kawaida, lalamiko linaandikwa na mtu anapewa namba ya kumbukumbu, RB. Na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wameshaufuta ujumbe kwa hasira. Ujumbe usifutwe. Upigwe picha ya skrini ikionyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, na simu yenyewe itunzwe.

Kuna watakaosema neno lililotumwa na mtu wa Dar es Salaam haliwezi kuitwa kwenye baraza la kata. Kweli. Ila uchonganishi unaoua hautoki mbali mara nyingi. Kundi la kijiji lina watu wanaojuana kwa ukoo na shamba, na mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya 1985 kwa ajili ya kusuluhisha watu wa namna hiyo. Katibu wa baraza anayejua lalamiko lipi ni la usuluhishi na lipi lipande kwa polisi usiku uleule angeziba pengo ambalo Kamcape iliingilia.