Wanasesere Waliotangulia Filamu

Katika zama hizi filamu kubwa ya katuni haifiki penye pazia la sinema ila imekwisha kufika madukani, na haifiki madukani ila imekwisha kufika katika vinywa vya mashabiki, ambao miezi mingi kabla ya siku ya kwanza huketi wakabashiri itaingiza dola milioni ngapi katika juma lake la kwanza, itaipita ipi miongoni mwa zilizotangulia, na ni mwanasesere yupi atakayeadimika mapema. Mtu asiyeyafuatia mambo haya hustaajabu kuona watu wasio na hata hisa moja katika kampuni wakiyalinda mapato yake ya milangoni kwa wahka uliozidi ule wa wenye mali. Lakini ubashiri huo haukuzuka kwa mashabiki peke yao. Asili yake ni tijara, na mlango ulioingilia ni ule wa vitu vya kuchezea.

Ndugu wawili, Walt na Roy Disney, walipoionyesha Steamboat Willie mjini New York tarehe 18 Novemba 1928, panya wao Mickey akapata jina na sauti mara moja, hawakuwa na azma ya kuuza wanasesere. Azma yao ilikuwa kuuza picha, na picha zenyewe zilikuwa zikila fedha karibu zote zilizoleta. Mwishoni mwa mwaka 1929, Walt akiwa amefikia hotelini New York, alijiwa na mtu mmoja mwenye dola 300 mkononi, akiomba idhini ya kumtia Mickey juu ya madaftari ya watoto wa shule. Naye Walt, kwa alivyosimulia mwenyewe baadaye, alizipokea kwa sababu yeye na nduguye walikuwa na dhiki ya fedha kama ilivyokuwa dasturi yao siku zile. Katika mwanzo huo hamkuwa na hekima wala mpango, ila haja tu. Februari 1930 Roy akatia sahihi mkataba na George Borgfeldt & Company, wafanyabiashara wa jumla wa New York, wasimamie utoaji wa idhini hizo, na bidhaa zikaanza kutoka, nyingine nzuri na nyingine za ovyo kiasi cha kuwatia haya wenye panya wao.

Mwanasesere aliyependwa hasa hakutoka kwa Borgfeldt, bali alitoka katika sindano ya Charlotte Clark, mama fundi wa kushona wa Los Angeles. Kwa kuwa hapakuwa na kigezo cha kukatia kitambaa, kijana Bob Clampett, ambaye baadaye alikuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa filamu za katuni, aliketi ndani ya giza la sinema na karatasi zake, kama alivyosimulia, akamchora Mickey kila alipopita penye pazia. Wanasesere hao wakatakwa na watu wengi kuliko walivyoweza kushonwa na mikono michache ya wanawake waliokusanyika kwa Bibi Clark, na ndipo likatokea jambo ambalo leo halisadikiki: mwaka 1932 wenye mali walikubali kigezo cha mwanasesere huyo kipigwe chapa na kampuni ya McCall, kikauzwa madukani, ili kila mama amshonee mwanawe Mickey wake nyumbani. Mawakili wa siku hizi wangezimia kwa kulisikia shauri kama hilo.

Ni katika miaka hiyohiyo ndipo ushabiki ulipopata umbo lake. Katika sinema moja ya Ocean Park, California, meneja mmoja alianzisha chama cha watoto cha Mickey Mouse, kilichokutana Jumamosi mchana, kikawa na kiapo chake, wimbo wake na viongozi wake wadogo waliochaguliwa. Rai hiyo ikaenea Marekani nzima, hata kufikia mwaka 1932 wanachama wakahesabiwa kuwa milioni moja. Maduka ya jirani yalikuwa na sehemu katika mambo hayo, yakitoa zawadi na kupata wateja, na mtoto aliyetoka kikaoni alikuwa ameona filamu, ameapa utii kwa panya, na ameonyeshwa mahali pa kumnunua.

Aliyezikusanya nyuzi hizo zote na kuzisuka kamba moja alikuwa Kay Kamen, mzaliwa wa Baltimore, mtu wa matangazo wa Kansas City aliyewahi hapo zamani kuuza kofia. Alipewa mkataba tarehe 1 Julai 1932, akaanza kwa kuwafuta wengi wa watengenezaji hafifu, kisha akawaendea wenye viwanda wakubwa mmoja baada ya mmoja. Mwaka uliofuata saa za Mickey Mouse zilitolewa na Ingersoll-Waterbury, kampuni iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, zikiuzwa kwa bei isiyofika dola nne, na katika muda wa miaka miwili zikauzwa zaidi ya milioni mbili. Mwaka 1934 kampuni ya Lionel, watengenezaji wa treni za watoto, nayo ikiwa chini ya mfilisi, ilitoa kigari cha reli cha dola moja kilichoendeshwa na Mickey na Minnie, na magazeti yakaandika kwamba panya ndiye aliyeiokoa. Walioyachungua mahesabu wamesema baadaye kwamba habari hiyo ilitiwa chumvi, lakini ilikwisha kufanya kazi yake.

Sasa, katika habari hizi zote hadi hapa, filamu ilitangulia na bidhaa ikafuata. Mickey alikuwa amekwisha kupendwa, na aliyetengeneza saa yake hakuwa akibashiri kitu. Mambo yalipinduka mwaka 1934, Walt alipoazimia kutengeneza filamu ndefu ya katuni, Snow White and the Seven Dwarfs, jambo ambalo studio yake haikuwa imelijaribu kamwe, na gharama yake, iliyokadiriwa kwanza kuwa robo ya milioni, ikapanda mwaka hadi mwaka hata ikakaribia dola milioni moja na nusu. Hollywood wakaiita upumbavu wa Disney. Fedha zilipokwisha, Roy alimshurutisha nduguye amwonyeshe Joseph Rosenberg wa Bank of America kazi hiyo ikiwa nusu nusu, vipande vingine vikiwa na rangi na vingine michoro mitupu ya penseli. Rosenberg akaketi kimya mpaka mwisho, kisha akatoa mkopo.

Kamen naye alikuwa na tatizo la namna yake. Tiketi hupigwa chapa usiku mmoja, na sinema iliyojaa yaweza kuongeza onyesho jingine siku ya pili. Lakini mwanasesere wa mpira au wa kitambaa hana budi kuchorwa, kukatwa, kushonwa, kupakiwa na kusafirishwa, na duka halina budi kumwagiza kabla ya msimu wake. Kwa hiyo mwenye kiwanda hana budi kuukisia upendo wa watoto kwa filamu ambayo hakuna mtoto yeyote aliyeiona, na kukisia huko kuna adhabu pande zote mbili: akizidisha, maghala humjaa, akipunguza, wazazi humlaani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipozaliwa ile ada ya kuikadiria filamu kabla ya kuiona. Wakosoaji wa magazeti waliweza kungoja siku ya kwanza ndipo waseme, na wenye sinema hali kadhalika, lakini mshonaji wa wanasesere hakuweza kungoja.

Kamen hakungoja. Filamu ilipofunguliwa usiku wa tarehe 21 Desemba 1937 katika Carthay Circle Theatre ya Los Angeles, idhini zilikuwa zimekwisha kutolewa, na vibete saba walikuwa wakitengenezwa na makampuni kama Ideal na Knickerbocker, na huko Uingereza na Chad Valley. Nje ya sinema hiyo ilijengwa nyumba ndogo ya vibete, watu wakaenda kuitazama kama waendao kuzuru. Januari 1938 zikatoka sahani za santuri za Victor zenye nyimbo zilizochukuliwa katika filamu yenyewe, jambo lililokuwa jipya katika biashara ya santuri. Radio City Music Hall ya New York, ambayo haikuwa na desturi ya kukaa na filamu moja muda mrefu, iliishika kwa majuma matano. Mjini London wakaguzi waliona yule mchawi na ule msitu vinatisha, wakaamuru watoto wasiingie pasipo mtu mzima, amri ambayo mwenye kuuza tiketi hawezi kuichukia sana, maana kila mtoto akaja na mnunuzi wa pili. Katika mzunguko wake wa kwanza filamu iliingiza takriban dola milioni nane, na fedha hizo zahitaji kupimwa kwa mizani ya siku zile, ambapo sehemu kubwa ya watazamaji walikuwa watoto walioingia kwa senti kumi. Ndugu wale wakanunua ekari 51 kule Burbank wajenge studio mpya.

Wenye viwanda walioagiza kwa moyo mkubwa walifaidika, na kutokana na faida hiyo wote wakaamini kwamba siri imepatikana. Ilipokuja Pinocchio, Februari 1940, wanasesere wake waliandaliwa kwa wingi na kwa matumaini, na filamu yenyewe, ambayo binafsi naiona kuwa kazi bora kuliko ile ya kwanza, iligharimu zaidi ya dola milioni mbili. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kuifunga milango ya Ulaya, na Pinocchio haikurudisha gharama yake katika mzunguko wa kwanza. Watoto wa mbao wakabaki rafuni. Mwaka 1944, kwa haja ya fedha, Snow White ikarejeshwa katika masinema, na Disney wakagundua jambo lililowafaa kwa nusu karne: filamu iliyofichwa miaka kadhaa hutamaniwa upya na kizazi kipya, na mara hii mwenye kiwanda hana haja ya kubashiri, kwa sababu mama wa mtoto anaijua. Kamen mwenyewe hakuyaona mavuno hayo yote. Yeye na mkewe walikufa Oktoba 1949, ndege ya Air France ilipoanguka katika visiwa vya Azores, ajali ileile iliyomchukua bondia Marcel Cerdan na mpiga fidla Ginette Neveu.

Miaka mingi baadaye ukaja mfano ambao sisi wa pwani na bara la Afrika ya Mashariki hatuwezi kuupita. Wasanii wa Disney walisafiri Kenya, wakachora mandhari na wanyama, na kazi waliyoitayarisha, The Lion King, haikutarajiwa na wengi ndani ya studio yenyewe kuwa kubwa. Waliopewa hiari waliiendea Pocahontas, wakidhani hiyo ndiyo itakayong'ara. Novemba 1993 sinema za Marekani zilionyesha, badala ya tangazo la kawaida, wimbo wote wa ufunguzi tangu jua kuchomoza hata mwanasimba kuinuliwa juu ya jabali, pasipo neno la mazungumzo, na tangu siku hiyo kungoja kukawa kwa namna nyingine. Filamu ilifunguliwa kote Marekani tarehe 24 Juni 1994, ikakusanya ulimwenguni zaidi ya dola milioni 760 katika mzunguko wake wa kwanza, na Simba, Rafiki na Pumbaa wakaenea majumbani mwa watu wasiojua kwamba wanatamka Kiswahili. Katika pilikapilika hizo za bidhaa Disney waliomba mwaka huohuo wa 1994 kuliandikisha “Hakuna Matata” liwe alama yao ya biashara juu ya mavazi, wakakubaliwa Marekani mwaka 2003, na jambo hilo likapita kimyakimya mpaka mwaka 2018, lilipozusha malalamiko na ukusanyaji wa sahihi. Kisheria alama hiyo haikumzuia mtu yeyote kusema, wala mwenye hoteli ya Malindi kuwaambia wageni wake; ilihusu fulana. Lakini si rahisi kumweleza hivyo mtu aliyezaliwa na maneno hayo kinywani.

Habari ya Frozen ni fupi, kwa kuwa ni kosa lilelile la kukisia, ila kwa upande wa pili. Filamu ilitoka Novemba 2013, ikapita dola bilioni moja, na magauni ya Elsa yakaadimika katika mwaka wa 2014 hata wazazi wakayanunua kwa walanguzi kwa bei za kustaajabisha; kiwanda kilikuwa kimepunguza. Mwisho wa mwaka huo, katika uchunguzi wa chama cha wenye maduka ya rejareja cha Marekani, vitu vya Frozen vilimwondoa Barbie mahali pa kwanza alipokuwa amekaa miaka kumi na mmoja. Kariakoo na kwingineko Elsa alifika juu ya mikoba ya shule, na sidhani kwamba mikoba yote hiyo iliwahi kuujua mkono wa mwenye idhini.

Aliyeufikisha mchezo huu upeoni ni Mchina. Ne Zha 2 ya mwongozaji Jiaozi, mtu aliyesomea ufamasia kabla ya kuiacha kwa ajili ya katuni, ilifunguliwa tarehe 29 Januari 2025, siku ya mwaka mpya wa Kichina, ikifuata filamu ya mwaka 2019 iliyokusanya zaidi ya yuan bilioni tano. Mapato ya milangoni nchini China huonekana na kila mtu papo hapo katika programu kama Maoyan, yakipanda mbele ya macho dakika kwa dakika, na mashabiki waliyalinda usiku na mchana, wengine wakirudi sinema mara ya pili na ya tatu ili tarakimu isogee. Katika mwezi wa Februari ikaipita Inside Out 2 ikawa filamu ya katuni yenye mapato makubwa kuliko zote, kisha ikavuka yuan bilioni 15, na muda wake wa kuonyeshwa ukaongezwa tena na tena mpaka tarehe 30 Juni. Sinema, kama siku zote, ziliweza kuongeza maonyesho. Vijisanduku vya siri vya Pop Mart, ambavyo mnunuzi havioni vilivyomo mpaka afungue, vilikwisha katika siku chache, mashabiki wakalipia kabla na kungoja kiwanda. Na wakati wanasesere wa halali walipokuwa wangali wakishonwa na kupakwa rangi, wale wa bandia walikuwa wamekwisha kujaa sokoni, polisi wakiwafukuzia.