Barabara ya Alaska na Madaraja Yake

Kila mtu akaaye ng'ambo ya mto usio na daraja ajua ya kuwa barabara, hata ikiwa pana na nzuri namna gani, huishia pale maji yanapoanza. Mgonjwa hungojea maji yapungue, mazao huharibika, na barua hulala njiani. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji habari za barabara moja ndefu ya kaskazini ya dunia, iliyokatwa katika nchi ya baridi kali kwa muda wa miezi michache tu, na habari za madaraja yake, na za watu walioyajenga. Maana katika habari hizi limo jambo ambalo lilinyamaziwa kwa miaka mingi, nasi twaona si haki liendelee kunyamaziwa.

Alaska ni nchi kubwa iliyo kaskazini-magharibi kabisa ya bara la Amerika. Marekani iliinunua kwa Warusi mwaka 1867, na ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Lakini Alaska haikupakana na majimbo mengine ya Marekani, kwa kuwa katikati yake imelala nchi ya Kanada, yenye misitu, milima na mito mingi. Hata mwaka 1942 hapakuwa na barabara ya motokaa ya kuwafikisha watu huko. Walikwenda kwa meli au kwa eropleni. Na ndani ya nchi, wakati wa baridi, wengi walisafiri kwa magari ya kuteleza juu ya theluji, yaliyokokotwa na mbwa.

Vita ndiyo iliyoleta barabara. Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani walizipiga meli za Marekani katika bandari ya Pearl Harbor. Wakuu wa Marekani wakaogopa kwamba adui atakuja kwa njia ya Alaska, na kwamba meli za kupeleka vyakula na silaha zitazamishwa baharini. Mwezi wa Februari 1942 Rais Roosevelt aliamuru barabara ikatwe, na serikali ya Kanada ikatoa ruhusa ipite katika nchi yake. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa kuwa Juni mwaka ule Wajapani walivitwaa visiwa viwili vya Alaska, Attu na Kiska.

Barabara ilianzia Dawson Creek, mji mdogo wa Kanada ambapo reli ilikoma, ikakusudiwa kufika Big Delta katika Alaska, mwendo wa zaidi ya maili 1,400. Waliotumwa kuikata walikuwa askari wa kazi za ujenzi, zaidi ya 10,000, katika vikosi saba. Walianza mahali mbalimbali, ili kila kikosi kikate sehemu yake na kukutana na mwenzake.

Adui wao wa kwanza alikuwa mto. Mwezi wa Machi 1942 kikosi cha 35 kilifika katika Mto Peace, nao ulikuwa umeganda. Daraja hapakuwapo, na barafu ilikaribia kuyeyuka. Basi askari wakatandaza mbao juu ya barafu, na unga wa mbao uliotoka msumenoni, ili barafu isiyeyuke mapema wala isipasuke chini ya uzito wa mashine. Wakavuka, wakaendelea mpaka Fort Nelson kabla njia haijageuka tope. Kama wangalichelewa, kazi yao ingalisimama kungojea mto.

Adui wa pili alikuwa ardhi yenyewe. Katika sehemu nyingi za kaskazini ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, hata wakati wa joto. Juu yake liko tabaka la majani na mizizi, ambalo huizuilia joto la jua kama blanketi. Askari walipoliondoa tabaka lile kwa matingatinga, barafu iliyo chini iliyeyuka, na barabara ikawa tope lisilo na mwisho. Mashine zikazama humo. Wakajifunza kwa taabu kwamba heri kuliacha blanketi lile mahali pake, kulaza magogo juu yake ubavu kwa ubavu, kisha kumwaga changarawe. Ndivyo walivyopita penye ardhi ya namna ile.

Na kila baada ya mwendo kidogo ulikuja mto mwingine. Katika njia ile nzima ilikuwapo mito na vijito vingi hata yakahitajiwa madaraja zaidi ya 100, mbali na mifereji ya kupitisha maji chini ya barabara, ambayo ilihesabiwa kwa maelfu. Madaraja ya kwanza yalikuwa ya miti ya msitu ule ule. Askari waliangusha miti, wakaichonga nguzo, wakazipigilia katika mchanga wa mto, wakalaza mihimili na mbao juu yake.

Hapa ndipo tunapofika katika jambo lile tulilolitaja. Katika vikosi vile saba, vitatu vilikuwa vya askari weusi, yaani kikosi cha 93, cha 95 na cha 97. Watu hawa walikuwa Wamarekani ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Jumla yao ilikuwa karibu theluthi moja ya askari wote wa kazi ile. Wakati huo jeshi la Marekani liliwatenga watu weusi na weupe. Weusi walikuwa na vikosi vyao mbali, na maofisa waliowaongoza walikuwa weupe. Wakuu wengi walidhani kwamba mtu mweusi hawezi kuaminiwa na mashine kubwa, wala hawezi kustahimili baridi. Jenerali Buckner, mkuu wa jeshi katika Alaska, aliandika barua kuonyesha kwamba hapendi waletwe. Walipofika walizuiliwa wasiingie mijini, wakapewa kazi za porini. Wengi wao walikaa hemani katika baridi ya zaidi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, nao walikuwa wametoka katika nchi za kusini zenye joto.

Kikosi cha 95 kilipatwa na aibu nyingine. Mashine zao nyingi kubwa walipewa wenzao weupe, nao wakaachiwa kufanya kazi kwa zana za mikono: mashoka, misumeno na sepetu. Ndipo wakaagizwa kujenga daraja katika Mto Sikanni Chief, ambao maji yake ni ya baridi sana na yaenda kwa nguvu. Wengine walidhani kazi ile itachukua siku nyingi. Askari wale waliingia mtoni, maji yakiwafika kifuani, wakasimamisha nguzo; na usiku ulipoingia waliwasha taa za malori wakaendelea. Inasimuliwa kwamba walikuwa tayari kupoteza mishahara yao wasipolimaliza kwa muda walioahidi. Katika muda usiotimia siku nne daraja lilikuwa limesimama, na malori yakapita juu yake.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Watu wale hawakupewa nafasi ya kujibu kwa maneno yale yaliyosemwa juu yao. Kama wangalinung'unika, ingalisemwa kwamba ni wavivu. Wakajibu kwa nguzo na mihimili, na jibu lile hakuna aliyeweza kulikana, maana kila aliyetilia shaka alipaswa kulikanyaga ili avuke.

Tarehe 25 Oktoba 1942, katika msitu karibu na Beaver Creek, sehemu mbili za mwisho za barabara zilikutana. Kutoka upande wa Alaska lilikuja tingatinga lililoendeshwa na Koplo Refines Sims, mtu mweusi wa kikosi cha 97. Kutoka upande wa pili lilikuja tingatinga la Alfred Jalufka, askari mweupe wa kikosi cha 18. Miti ya mwisho ilipoanguka kati yao, wakapeana mikono, na picha yao ikapelekwa katika magazeti. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba, barabara ilifunguliwa kwa sherehe karibu na Ziwa Kluane. Kazi yote ilikuwa imechukua kama miezi minane.

Hata hivyo, haraka ina malipo yake. Madaraja ya miti yalikuwa ya muda tu. Barafu ya mito ilipokatika na mafuriko yaliposhuka mwaka 1943, mengi yalichukuliwa na maji. Mwaka ule serikali ilileta makampuni ya ujenzi yenye maelfu ya wafanya kazi, nayo yakainyosha barabara na kujenga madaraja ya chuma na ya saruji. Daraja la miti la Sikanni Chief nalo likafuatwa na daraja jingine imara mwaka 1943, na lile la pili likateketea kwa moto mwaka 1992.

Lililosifiwa kuliko yote lilikuwa daraja la Mto Peace, lililomalizika mwaka 1943. Lilikuwa la kuning'inia kwa nyaya nene za chuma, na urefu wake ulizidi futi 2,000. Watu walilitazama wakasema kwamba hili halitaanguka. Lakini nyaya zile zilishikwa ukingoni na mzigo mkubwa wa saruji, na mzigo ule ulikaa juu ya mwamba laini wa tabaka tabaka. Tarehe 16 Oktoba 1957 ulianza kuteleza. Motokaa zikazuiliwa, watu wakasimama kando wakitazama, na daraja likaanguka mtoni bila kuua mtu. Chuma hakikuwa na kosa. Lililoshindwa ni lile lisiloonekana, chini kabisa. Daraja jipya, la namna nyingine, lilimalizika mwaka 1960.

Hatupendi msomaji adhani kwamba barabara ile ilileta mema matupu. Nchi ile haikuwa tupu. Wakazi wake wa asili, kama Watlingit, Wakaska na Watutchone wa Kusini, waliishi humo kwa kuwinda na kuvua tangu zamani, na baadhi yao waliwaongoza wapimaji katika njia walizozijua wao. Pamoja na askari yalikuja magonjwa ambayo miili ya wenyeji haikuyazoea. Katika kijiji cha Teslin surua na magonjwa mengine yaliwaangusha watu wengi katika miaka ya 1942 na 1943. Tena karibu na Ziwa Kluane, nchi kubwa ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na wenyeji wakakatazwa kuwinda mahali walipowinda babu zao. Daraja humvusha kila ajaye, mwenye heri na mwenye madhara, halichagui. Yawapasa wenye kulijenga kuuliza mapema ni nani atakayelipa gharama.

Vita ilipokwisha, tarehe 1 Aprili 1946 Kanada ilikabidhiwa sehemu iliyo katika nchi yake, na mwaka 1948 barabara ilifunguliwa kwa wasafiri wote. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, Rais Truman alitoa amri ya kukomesha kutengwa kwa watu kwa rangi katika majeshi ya Marekani. Hatuwezi kusema kwamba barabara ya Alaska peke yake iliileta amri ile, maana watu weusi walitumika kwa uaminifu katika kila upande wa vita. Lakini kazi yao ya kaskazini ilikuwa shahidi mmoja katika mashahidi wengi.

Na bado shahidi huyo hakusikilizwa upesi. Kwa miaka mingi habari za barabara zilipoandikwa, walitajwa majenerali, zikatajwa maili na fedha, bali vikosi vya 93, 95 na 97 vilitajwa kwa neno moja au viliachwa kabisa. Wazee wale walirudi makwao, na wengi walikufa bila kusikia shukrani. Ndipo mwaka 1993 daraja la Mto Gerstle katika Alaska likapewa jina la ukumbusho wa askari weusi waliotumika jeshini. Na mwaka 2017 serikali ya Alaska iliweka sheria kwamba tarehe 25 Oktoba, siku ile ya kukutana kwa matingatinga mawili, iwe siku ya kukumbuka kazi ya askari weusi walioijenga barabara. Ilikuwa miaka 75 tangu kazi ile ifanyike.

Wazee wetu husema, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya mjenzi ni jina lake kutajwa pamoja na kazi yake. Historia isiyowataja waliobeba magogo imejengwa kama lile daraja la Mto Peace: juu yaonekana imara, chini imekaa juu ya mwamba laini, na siku moja itateleza.

Basi sisi tulio walimu, na ninyi mnaosoma, tunayo kazi katika jambo hili. Yako madaraja karibu na kila mmoja wetu, na wako wazee wanaojua ni nani aliyeingia majini kuyasimamisha, na ni nani aliyeumia au kufa katika kazi ile. Tuwaulize wangali hai, tena tuyaandike majina. Watu wa Alaska walingoja miaka 75, na wengi waliostahili kusikia hawakuwapo tena.