Mkate wa moto uliotumwa na wanawake: Ibn Battuta ugenini Uturuki



Bibi harusi anayemfuata mume nchi ya mbali huwa na swali moja linalomkosesha usingizi kuliko sanduku na nguo: nikifika huko, nani atanijua? Leo tunakuleteeni kisa cha zamani kuhusu swali hilo hilo.

Ibn Battuta alitoka kwao Tanja, Morocco, mwezi wa Juni 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, akielekea Makka kuhiji. Anasimulia mwenyewe kwamba walipofika Tunis, watu wa mjini walitoka kuwalaki wenzake wa msafara na kuamkiana nao. Yeye hakusalimiwa na mtu. Akalia. Haji mmoja akamwona, akamsogelea, akampa salamu na kumliwaza mpaka wakaingia mjini. Msafiri huyo aliyekuja kuzunguka nusu ya dunia alianza kwa machozi, na alichohitaji kilikuwa salamu tu.

Miaka ilipita. Alihiji, na mwaka 1331 akapita pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Mogadishu walimkirimu kwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na embe. Tukisoma hayo tunaona sinia la nyumbani kabisa.

Baada ya hapo akavuka bahari kuingia Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Safari hii alikuwa na wenzake wachache, lakini Kituruki hawakijui. Katika miji ya huko walikuwapo vijana mafundi walioitwa Akhi, jina ambalo kwa Kiarabu husikika kama "ndugu yangu". Mchana walifanya kazi zao, na baada ya alasiri walimpelekea kiongozi wao walichochuma, kikanunuliwa matunda na chakula cha zawiya yao. Akitokea msafiri, ndiye mgeni wao mpaka aondoke. Asipotokea, hula pamoja wenyewe.

Antalya alikaribishwa na mtu mwenye nguo chakavu. Akamwonea huruma, akasema huyu maskini tusimtie gharama. Sheikh aliyekuwa naye akacheka: yule alikuwa fundi wa kushona ngozi na kiongozi wa mafundi kiasi cha 200! Walipokwenda walikuta zawiya yenye mazulia mazuri na taa za vioo.

Denizli mambo yalizidi. Walipokuwa wakipita sokoni, wanaume walishuka madukani wakashika hatamu za farasi wao. Kundi jingine likaja kuwazuia, hata visu vikachomolewa. Wageni wakadhani ni majambazi. Kumbe yalikuwa makundi mawili ya Akhi wakigombea nani awakaribishe! Ikapigwa kura, kila kundi likapata zamu yake.

Lugha nayo ilileta vichekesho. Siku moja mwenzao alitumwa dukani kununua samli, ambayo kwa Kiarabu ni "samn". Muuza duka akamletea mzigo wa majani makavu ya kulisha wanyama, kwa sababu kwa Kituruki majani hayo ni "saman". Dada unayejifunza lugha ya wakwe, usione haya ukikosea. Wamekosea wakubwa kabla yako.

Lakini kinachotugusa zaidi ni wanawake. Ibn Battuta anaeleza kwamba popote waliposhukia, majirani wanaume kwa wanawake walikuja kuwajulia hali, na siku ya kuondoka waliwaaga kama jamaa zao, wanawake wakilia. Huko mkate ulichomwa siku moja tu kwa wiki. Siku hiyo wanaume waliwaletea wageni mkate wa moto na kitoweo kizuri, wakisema umetumwa na wanawake, na wao wanaomba dua tu.

Majina ya masultani na makadhi ameyaandika kwa wingi. Ya wanawake hao hatuyajui hata moja. Lakini karibu miaka 700 baadaye, mkate wao bado unasimuliwa. Mtume wetu (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu, jirani asidharau kumpelekea jirani mwenzake kitu, hata kikiwa kwato ya mbuzi. Wale walikuwa wakiishi wasia huo.

Ibn Battuta alikuwa mwanamume. Safari ya mwanamke ina hukumu zake, na hayo muulize sheikh wako kabla ya kukata tiketi. Lakini upweke wa siku za mwanzo ugenini hauchagui. Wewe unayekwenda, ukifika toa salamu kwanza, na ukiletewa sahani ipokee, kisha isirudi tupu. Na sisi tunaobaki kisiwani tujiulize: yule bibi harusi aliyeletwa mtaani kwetu kutoka mbali, ambaye bado hajui hata njia ya sokoni, tumeshampelekea nini? Mkate wa kumimina ukiwa bado wa moto unatosha. Tusisahau kumwomba dua.