John Okello, Zanzibar na Lanet: Neno "Mapinduzi" na Wenyewe

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, alikaa darasa moja na mwanafunzi kutoka Haiti. Siku moja mwenzake huyo alimwuliza: katika Afrika ya Mashariki, ambako binadamu waliuzwa kwa karne nyingi, Toussaint Louverture wenu ni nani? Nilimtaja Dedan Kimathi, kisha nikajirudi, kwani Kimathi hakuwa mtumwa, na alinyongwa mwaka 1957 kabla ya kuuona uhuru. Jina la John Okello halikunijia kabisa. Jambo hili lanisumbua mpaka leo, hasa kwa kuwa kwetu ni Lanet, jirani na mji wa Nakuru, ilipo kambi ambayo askari wake waliasi siku 12 tu baada ya Okello kumwondoa Sultani wa Zanzibar.

Ya Haiti yafahamika, nasi tutayapitia upesi. Mnamo Agosti 1791 watumwa wa koloni la Ufaransa la Saint-Domingue waliinuka wakateketeza mashamba ya miwa. Toussaint, aliyezaliwa utumwani, aliwageuza kuwa jeshi. Mwaka 1802 alikamatwa kwa hila, akafia katika gereza la Fort de Joux, milimani Ufaransa, mwezi wa Aprili 1803. Tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru wa nchi hiyo.

Miaka 160 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, ilikuwa zamu ya Zanzibar. Lakini yafaa tuseme mapema kwamba mambo haya mawili hayalingani sawasawa. Hadhi ya utumwa ilikuwa imefutwa kisheria huko Unguja na Pemba tangu 1897. Isitoshe, Uingereza ilikuwa imekwisha kukabidhi uhuru tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya Kenya kupata wake. Waliopindua hawakuutambua uhuru huo. Kwao ulikuwa uhuru wa Sultani na mabwana mashamba. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura, lakini kikaambulia viti 13 tu kati ya 31. Polisi wengi wa asili ya bara waliachishwa kazi baada ya hapo, nao walijua silaha zinawekwa wapi.

Tena kulikuwako suala la ardhi. Waliolima chini ya mikarafuu ya watu wengine walikaa kwa hisani tu, na baada ya uchaguzi wa 1957 wengi wao walifukuzwa na wenye mashamba kwa sababu ya siasa. Msomaji wa Nakuru hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Babu zetu wengi waliishi hivyo hivyo katika mashamba ya walowezi, wakiitwa maskwota, wakilima kipande kwa ruhusa na kuondolewa kwa amri. Utumwa unaweza kufutwa katika vitabu vya sheria, na uhusiano uliozaliwa nao ukabaki shambani, umevaa jina jingine.

Okello mwenyewe hakuwa mzalia wa visiwa. Alizaliwa mwaka 1937 katika wilaya ya Lango, Uganda, akafiwa na wazazi angali mdogo, akatangatanga Uganda na Kenya akifanya vibarua na uashi. Alionja jela nchini Kenya. Alivuka kwenda Pemba mwaka 1959, akajiunga kwanza na chama cha Nationalist kabla ya kuhamia Afro-Shirazi. Mwaka 1963 alihamia Unguja, ambako alishughulika na chama cha wafanyakazi wa rangi na kukusanya vijana kwa siri. Usiku wa mapinduzi walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni wakiwa na silaha duni, wakatoka na bunduki. Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbia kwa meli.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha hana budi kutega sikio. Silaha kubwa ya Okello haikuwa bunduki bali redio. Kutoka kituo cha Raha Leo alijitangaza kuwa Fildimashali, akitoa amri na vitisho vya kutisha mno. Cheo hicho kilikwisha kuzoeleka Kenya, kwani wapiganaji wa msituni walimwita Kimathi vivyo hivyo. Na alinena kwa Kiswahili cha bara, katika kisiwa ambacho lahaja yake, Kiunguja, ilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha yake ya kwanza, Kilango, ni ya Kiniloti, isiyo na upatanisho wa ngeli kama wetu. Wenyeji walitambua mara moja kwamba anayewatawala kwa sauti si mwenzao. Sisi walimu tumezoea kuuchukulia usanifu kuwa jambo la sarufi tu. Kwa majuma machache ya 1964, aliyekuwa akiamrisha nyumbani kwa usanifu ni kibarua asiyekuwa nao.

Tulitazame sasa neno lenyewe. "Mapinduzi" latokana na kupindua, kufanya cha juu kiwe chini, kama chombo kinavyopinduliwa na dhoruba. Serikali ya Zanzibar ingali ikijiita ya Mapinduzi. Jioni ya tarehe 24 Januari 1964 askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waligoma na kuchukua silaha katika kambi ya Lanet. Wenzao wa Tanganyika walikuwa wametangulia tarehe 20, na wa Jinja tarehe 23. Isidhaniwe kwamba Okello aliwatuma. Madai yao yalihusu mshahara, na uhuru ambao ulikuwa umewaacha chini ya maofisa wale wale wa Kiingereza wa enzi za Keya. Waziri Mkuu Jomo Kenyatta aliomba msaada wa jeshi la Uingereza. Askari mmoja wa Lanet aliuawa, wenzake wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na kikosi kikavunjwa. Tukio hili twaliita "maasi", wala silaumu neno hilo, kwani hawakutaka kuipindua serikali. Hata hivyo nashuku kwamba, lau Okello angeshindwa pale Ziwani, yeye naye angeandikwa muasi, na "mapinduzi" yangebaki kuwa neno la mabaharia.

Wala tusimsafishe. Maelfu ya watu, wengi wao Waarabu, waliuawa katika siku zile, na makadirio ya idadi yao yanatofautiana sana. Vitisho vya redioni vilichochea hofu hiyo na kuihalalisha. Dessalines naye, mwaka 1804, aliamuru Wafaransa waliosalia Haiti wauawe. Anayemtaja kiongozi wa namna hii darasani bila kuwataja waliokufa hafundishi historia.

Okello hakudumu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo katika visiwa vya Waislamu, na mwenye bunduki wasiomtii Rais Abeid Karume. Mnamo Machi 1964, aliporudi kutoka safari ya bara, alizuiwa kuingia. Muungano na Tanganyika ulifanyika tarehe 26 Aprili yeye hayupo. Ugawaji wa eka tatu tatu kwa wakulima ulifanyika yeye hayupo. Historia rasmi iliwapa Karume na Kamati ya Watu 14 uongozi wote wa usiku ule. Katika hili amemkaribia Dessalines, aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1806, kuliko Toussaint.

Ushahidi wake aliuacha katika kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967, nacho ki katika Kiingereza. Mtu aliyeitikisa dola kwa Kiswahili hakusomwa kwa Kiswahili. Baada ya kufungwa mara kadhaa alionekana Uganda mwaka 1971 pamoja na Idi Amin, na tangu hapo habari zake zikakatika. Jamshid, aliyeishi Uingereza miaka mingi, aliruhusiwa kurudi Omani mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024.