Mafuta ya Turkana na Haki ya Maji

Mwezi Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, karibu na Lokichar, kaskazini magharibi mwa Kenya, ndani ya Jimbo Katoliki la Lodwar. Wengi waliuliza habari za fedha na ajira. Swali la maji lilikuja nyuma, ingawa ndilo lililostahili kutangulia, kwa kuwa mji wa Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka.

Kuchimba kisima cha mafuta huhitaji tope maalumu, lililochanganywa na maji, la kupoza keekee na kupandisha juu vipande vya mwamba. Lakini matumizi makubwa huja baadaye. Kadiri mafuta yanavyotolewa, shinikizo chini ya ardhi hushuka, na maji hushindiliwa ndani ya mwamba ili kuyasukuma mafuta yaliyobaki. Maji yanayorudi juu pamoja na mafuta huweza kusafishwa na kutumiwa tena. Ila katika miaka ya mwanzo huwa ni machache.

Yatoke wapi, basi? Mpango uliotolewa ulikuwa kuyaleta kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel, lililojengwa kwa ajili ya umeme. Chini ya bwawa, mto huohuo hupita Lodwar na kuelekea Ziwa Turkana, ukinywesha watu, mifugo na mashamba ya ukingoni. Tumaini lililotangazwa mwaka 2013, la hazina kubwa ya maji ardhini huko Lotikipi, lilififia vipimo vilipoonyesha kuwa yana chumvi nyingi.

Katika waraka wake Laudato Si' (2015, namba 30), Papa Fransisko alifundisha kuwa kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Fundisho hilo halikatazi kuchimba mafuta. Lasema nani atangulie kisimani. Wafugaji wa Turkana, wanaochimba maji katika mchanga wa mito mikavu, hawahitaji kufafanuliwa ugomvi wa visima vya Isaka kule Gerari (Mwa 26).

Imesemwa kwamba bomba litawapa maji pia wanavijiji walio njiani. Ni jambo jema, mradi kiasi chao kiandikwe katika mkataba, pamoja na jina la ofisi itakayowajibika mwaka wa ukame, bwawa likipungua.