Gemu Haina Bunduki, Basi Si Gemu?

Kila nikiweka video ya gemu ambayo hakuna kupiga mtu risasi, lazima kuna msee atauliza: sasa hapa unacheza nini? Unatembea, unafungua droo, unasoma barua ya wenyewe, imeisha. Wachezaji wa ng'ambo walizibandika jina "simuleta za kutembea", na walikuwa wanatusi. Wengi bado wanaamini huu ni mtindo mpya wa watu wavivu.

Mpya wapi? Will Crowther alikuwa mtengenezaji programu Marekani, mmoja wa waliojenga ARPANET, yaani babu wa intaneti. Nje ya kazi alikuwa mtu wa mapango. Yeye na mkewe walishiriki kupima na kuchora ramani ya Mammoth Cave, kule Kentucky. Ndoa ikavunjika, na watoto wakawa mbali naye. Kati ya 1975 na 1976 akawaandikia binti zake gemu, Colossal Cave Adventure, maandishi matupu bila picha hata moja. Unaandika unataka kwenda upande gani, kompyuta inakwambia umefika wapi na unaona nini. Ndiyo, kulikuwa na hazina na vijitu vya kurusha visu, sikatai. Lakini pango lenyewe lilitoka kwa pango la kweli, alilolijua kwa magoti na viwiko. Ni baba anawatembeza wanawe mahali alipopapenda. Hiyo kwangu inatosha kuitwa gemu, na ilikuja kabla hata Pac-Man hajazaliwa.

1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wakatoa Myst. Kisiwa kimya, hakuna adui wa kupigana naye, ni mafumbo na kuzunguka. Ikawa gemu ya kompyuta iliyouzwa zaidi duniani hadi The Sims ikaipita 2002. Wavivu walikuwa wengi basi!

Halafu 2008 Dan Pinchbeck, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, akachukua mitambo ya Half-Life 2, gemu ya bunduki, akatoa bunduki. (Mimi chuo niliacha, lakini utafiti wa aina hii ningekaa.) Kilichobaki ni Dear Esther: kisiwa cha Scotland, upepo, na sauti ya mwanaume akisoma vipande vya barua. Ilipotengenezwa upya na kuuzwa 2012, ilirudisha dola 55,000 za waliowekeza kwa chini ya saa sita.

Gone Home ikafuata 2013, kazi ya timu ndogo sana ya Portland, Oregon. Kuunda watu wanaotembea na kuongea ni gharama, kwa hivyo nyumba waliiacha tupu. Ni 1995, umerudi kutoka safari Ulaya, mvua inanyesha, nyumbani hakuna mtu. Unajua familia yako kwa risiti, kaseti na vikaratasi. Pesa kidogo ndiyo iliwapa hadithi yao, na hapo ndipo mimi husimama kidogo, kwa sababu pesa kidogo tunazo.

Ile ninayotetea kuliko zote ni What Remains of Edith Finch, ya 2017. Kuna kijana anaitwa Lewis, anafanya kazi kiwanda cha samaki. Mkono wako mmoja unavuta samaki, unakata kichwa, unasukuma, tena, tena. Mkono wa pili unaongoza ndoto yake, njia ndogo kwenye kona ya skrini. Ndoto inapanuka polepole hadi inameza kiwanda chote, na vidole vyako bado vinakata samaki bila wewe kufikiria. Nimewahi kufanya kibarua cha kufunga mizigo usiku. Hakuna sinema imewahi kunieleza kile kichwa hufanya saa tisa usiku vile hizi dakika chache zilinieleza. Na haiwezekani kuwa sinema, kwa sababu mikono ni yako. 2018 BAFTA iliipa tuzo ya gemu bora, mbele ya Zelda na Super Mario.

Kama hujawahi, anza na Gone Home. Zima taa, vaa earphone, usigoogle mwisho wake. Na ukifika sebuleni, usikimbie. Soma kila kikaratasi.